Msikiti wa Córdoba: sauti ya imamu ilipotelea wapi?

Watu wakianza kuongelea sauti kwenye misikiti ya kale wengi wanakimbilia Istanbul, kwa Sinan, yule msanifu mkuu wa Waosmani, na ile mitungi iliyojengewa ndani ya makuba, na kweli ile ni kazi kubwa, lakini mi naona kisa chenye mafunzo mengi zaidi kiko Hispania, kwenye msikiti mkuu wa Córdoba, kwa sababu pale jengo moja liliongezwa mara tatu ndani ya miaka kama mia mbili, kila aliyeongeza alikuwa na nia yake, na ukiifuatilia sauti ya imamu toka hatua moja hadi nyingine unaona kabisa wapi ilianza kupungua na wapi ilikata. Alafu karne ya 16 likaja jambo lingine kabisa, ntalifikia.

Hoja yangu naiweka mapema ili tusipotezane njiani. Córdoba tatizo halikuwa mwangwi, lilikuwa umbali. Na kile kipimo ambacho kila mtu anakitaja akiongelea akustika, yaani tabia ya sauti ndani ya jengo, ni muda wa mwangwi, zile sekunde ambazo sauti inachukua kufifia kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nacho pale hakikwambii kitu cha maana. Unaweza kuwa na namba nzuri tu na bado nusu ya maamuma hawasikii imamu anasoma nini.

Tuanze na msikiti wa kwanza. Abd al-Rahman I, yule wa Bani Umayya aliyewakimbia Bani Abbas akaja kusimamisha utawala wake Andalusia mwaka 756, aliujenga miaka ya 780. Ukumbi wa swala ulikuwa na upana wa kama mita 74 na kina cha kama mita 37 toka uani hadi ukuta wa kibla, umegawanywa njia 11 kwa safu za nguzo zinazoelekea kibla. Dari ya mbao, bapa, iko juu kama mita 10 toka sakafuni. Nguzo zenyewe nyingi zilitolewa kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, wale waliotawala Hispania kabla ya Waislamu, zilikuwa fupi, na ukiweka tao moja juu ya nguzo fupi unapata dari ya chini sana kwa ukumbi mpana kiasi kile, ndo mafundi wakaweka tao juu ya tao, la chini la umbo la kwato ya farasi na la juu la nusu duara, mawe meupe na matofali mekundu yanapokezana, na kati ya matao hayo mawili wakaacha wazi. Watu wanalisifia kwa uzuri wake tu, lakini kwa sauti lina maana pia, maana ile nafasi iliyoachwa wazi inapitisha sauti, wangejaza ukuta pale kila njia ingekuwa kama chumba chake peke yake.

Upande wa uani haukuwa na ukuta wa kufunga. Njia zote zilifunguka kwa matao kwenda nje, watu wakiswali ukumbini na wengine uani. Hili watu wanalisahau sana wakisimama pale leo. Tao lililo wazi kwa sauti ni kitu kinachomeza kila kinachofika, sauti ikitoka hairudi, hakuna pazia wala zulia linaloweza kushindana na uwazi. Chini nako kulikuwa na mikeka, marumaru ile unayoiona sasa hivi ni ya zama za karibu.

Sasa nataka nifanye hesabu kidogo. Fomula ya Sabine inasema muda wa mwangwi ni 0.161 zidisha ujazo wa chumba, gawa kwa jumla ya eneo linalomeza sauti. Ukumbi wa kwanza una ujazo wa kama mita za ujazo 27,000. Tuseme ni Ijumaa, sakafu imejaa watu juu ya mikeka, tuipe sakafu kiwango cha kumeza cha 0.5, yaani inameza nusu ya sauti inayoifikia, dari ya mbao 0.1, kuta 0.03, na matao ya uani tuseme yana jumla ya mita za mraba 250 zilizo wazi kabisa. Unapata sekunde 2.3 hivi. Watu wakiondoka ibaki mikeka peke yake, tuipe 0.2, unafika karibu sekunde 4. Hivi viwango nimevikadiria mwenyewe, na fomula yenyewe inachukulia kwamba sauti imetapakaa sawasawa kila pembe ya chumba jambo ambalo ukumbi mpana wenye dari ya chini hauna, kwa iyo zichukue kama picha ya ukubwa tu, lakini kwa kazi ninayoitaka hapa zinatosha.

Sasa ongeza ukumbi. Abd al-Rahman II, kati ya 833 na 848, aliuvunja ukuta wa kibla akasogea kusini, kina kikafika karibu mita 60. Al-Hakam II akaja kuanzia 962 akasogea tena, kina kikapita mita 100. Rudia ile hesabu kwa ukumbi wenye upana uleule wa mita 74 lakini kina cha mita 110, watu wamejaa vilevile. Unapata sekunde 2.5. Ukumbi umekuwa mara tatu, mwangwi umeongezeka kwa kitu kama robo ya sekunde, tena sehemu kubwa ya hiyo robo inatokana na yale matao ya uani kuwa yaleyale wakati ukumbi umekua.

Sababu yake ni rahisi. Kwenye ukumbi mpana wenye dari ya chini karibu eneo lote ni sakafu na dari, kuta ni kidogo sana ukilinganisha. Ukirefusha ukumbi ujazo unaongezeka na sakafu inayomeza inaongezeka kwa kiwango kilekile, vinafutana. Kinachoamua mwangwi pale ni urefu wa dari na aina ya sakafu, basi. Na dari haikuongezwa, wote walifuata ileile ya kwanza. Kwa iyo mtu akikuletea namba ya muda wa mwangwi wa hatua ya kwanza na ya tatu utasema hamna kilichoharibika.

Njoo sasa kwa mtu aliyekaa safu ya nyuma.

Sauti ikiwa haina kitu cha kuisaidia inapungua desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili. Tuseme imamu ana sauti ya nguvu, desibeli 75 ukiwa mita moja mbele yake. Mita 37 nyuma, mwisho wa ukumbi wa kwanza, inabaki kama 44. Mita 60 inabaki kama 39. Mita 100 inabaki 35. Na hapo nimempendelea, maana imamu akiwa anaswalisha amewapa watu mgongo na sauti ya binadamu haitoki sawa mbele na nyuma, zile sauti nene zinazunguka kichwa zinafika nyuma zikiwa zimepungua kidogo tu, ila zile nyembamba kali zinapungua sana, tofauti inaweza kuzidi desibeli 10. Ukuta wa kibla unazirudisha kiasi, na dari inasaidia. Upande wa pili weka kelele za kawaida za maelfu ya watu waliosimama pamoja, kupumua, kukohoa, nguo, mtoto anayelia, maji na watu wa uani. Hata watu wakiwa na adabu kubwa ni rahisi kufika desibeli 40.

Kwa iyo ukumbi wa kwanza safu ya mwisho ilikuwa mpakani lakini inawezekana. Wa pili mtu wa nyuma alikuwa anasikia sauti ya kisomo bila maneno. Wa tatu kwa hesabu hizi kisomo kimezama kabisa chini ya kelele.

Dari ilisaidia vipi? Chukua mtu aliyeko mita 20 nyuma ya imamu. Sauti ya moja kwa moja inatembea mita 20, ile inayogonga dari na kushuka inatembea kama mita 26, zimeachana mita 6, yaani kama milisekunde 18. Sikio linaunganisha marudio yote yanayofika ndani ya milisekunde kama 50, linayahesabu kama sauti moja iliyopata nguvu. Kwa mtu wa mita 20 dari ya mita 10 ni rafiki mkubwa. Na hii ndo faida ya misikiti ya nguzo ukiilinganisha na ile ya kuba kubwa moja ambako marudio ya juu yanachelewa mpaka yanaanza kugombana na neno linalofuata. Ila urafiki wa dari una mpaka wake, mita 100 dari bado inaleta marudio yake mapema tu, ila yanayofika yenyewe yameshakonda.

Nguzo nazo zina neno lake. Nguzo ya Córdoba mtu mzima anaweza kuikumbatia mikono ikakutana. Sauti nene ya hezi 150, yaani mitetemo 150 kwa sekunde, ina wimbi la zaidi ya mita 2, linapita nguzo kama haipo. Lakini herufi kama sin, swad na tha, nguvu yake iko juu kabisa, hezi 4,000 na zaidi, na pale wimbi lina urefu wa kama sentimita 8 au 9, likikutana na nguzo linatawanywa huku na kule na nyuma ya nguzo linabaki dogo. Mtu yuko nyuma ya safu kumi, ishirini za nguzo. Kinachomfikia ni irabu na melodi, konsonanti zimebaki njiani. Kwa hotuba ya kawaida unaweza kukisia maneno, kwa Qur'ani hapana, elimu ya makharij, yaani mahali kila herufi inapotamkiwa, inalinda tofauti kama ya tha na sin, na tofauti za namna hiyo ndo za kwanza kupotea. Mi hili linaniuma kuliko yote kwenye kisa hiki, kwamba kilichokuwa kinatunzwa kwa uangalifu mkubwa kinywani mwa msomaji ndicho jengo lilikuwa linakipoteza kwanza.

Andalusia walikuwa kwenye madhehebu ya Maliki. Kwenye swala ya sauti maamuma wa Kimaliki anatakiwa anyamaze amsikilize imamu, yeye hasomi. Fikiria basi mtu wa safu ya nyuma kabisa zama za al-Hakam, hasomi kwa sababu imamu anasoma, na imamu hamsikii.

Dawa iliyokuwepo ilikuwa mubaligh, mtu anayepokea takbira ya imamu na kuipaza ili walio mbali wafuate. Ni jambo lenye asili, Abu Bakr aliwasikilizisha watu takbira Mtume alipokuwa mgonjwa anaswalisha akiwa amekaa. Kwenye misikiti mikubwa wakawekwa kadhaa, wengine wakajengewa jukwaa maalumu. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, mita 50 ni kama sekunde 0.15, weka na muda wa mtu kusikia na kuitikia, ukiwa na wawili wanaopokezana safu za mwisho zinarukuu karibu sekunde nzima au zaidi baada ya zile za mbele. Kwa mwendo wa swala hilo halina shida. Lakini mubaligh anapokeza takbira na salamu. Kisomo hakipokezi. Kwa iyo mubaligh aliokoa mpangilio wa swala, kusikiliza hakukuokoa.

Hapa mtu atauliza, sasa al-Hakam II, khalifa msomi, mwenye maktaba iliyosifika dunia nzima, hakuliona hili? Alijenga kitu kizuri kuliko wote waliomtangulia. Mihrab yake ni chumba kamili, juu imefunikwa na umbo la kombe la baharini. Mbele yake makuba matatu ya mbavu zinazokatizana, lile la kati limepambwa kwa vijiwe vya dhahabu vya mtindo wa Bizanti, na la nne liko nyuma kwenye mwanzo wa upanuzi wake. Kuzunguka maqsura, sehemu ya khalifa, kuna matao yenye meno yaliyosukana kama pazia. Mimbari yake ya mbao ilikuwa na magurudumu, inatolewa kwenye chumba cha pembeni ya mihrab siku ya hotuba alafu inarudishwa.

Wengi wanasema mihrab ile ya chumba ilikuwa kipaza sauti cha wakati huo. Mi siikubali hiyo hivihivi. Ili pango la ukutani lirudishe sauti kwa nguvu linatakiwa liwe la kina kifupi, lichukue sauti na kuitupa nyuma mara moja. Lile la Córdoba ni refu ndani, mlango wake ni mwembamba kuliko chumba chenyewe, sauti ikiingia inazunguka kwanza na inayotoka inatoka imechelewa na imepungua. Kioo halisi cha sauti pale ni ukuta wa kibla wenyewe, ile marumaru na vijiwe vigumu kulia na kushoto kwa mlango wa mihrab. Na kuba lililo juu ya kichwa cha imamu linaondoa ile dari ya mita 10 pale pale ilipokuwa inafaa zaidi, sauti inapanda juu na mbavu zinaitawanya ndani ya kuba. Ukiwa ndani ya maqsura unasikia vizuri mno, sauti iko karibu, imejaa, ina uhai. Ukiwa nje ya yale matao yaliyosukana unapata kilichovuja. Kwa maoni yangu jengo la al-Hakam liliitengenezea sauti chumba chake kizuri sana ndani ya ukumbi, na chumba hicho kilikuwa cha watu wachache.

Ila lazima niseme na upande wa pili, maana bila huo tutawaonea wajenzi. Msikiti ule haukuwa wa Ijumaa peke yake. Siku za wiki ulikuwa mahali pa kusomea, mwalimu anakaa chini ya nguzo yake wanafunzi wamemzunguka, huku fiqhi, kule hadithi, pale lugha. Kwa matumizi hayo tabia ileile inayomuua imamu inageuka neema. Mwalimu anaongea kwa desibeli 60, mwanafunzi aliye mita 2 anapata 54. Darasa lingine liko mita 25, linapata 32 tu, tena konsonanti zimechujwa na nguzo, na sauti isiyo na konsonanti haikuvutii masikio kama ile yenye maneno. Madarasa mengi yanaweza kwenda kwa wakati mmoja bila kuvurugana. Yapeleke madarasa hayohayo chini ya kuba kubwa lenye mwangwi wa sekunde saba nane uone kama kuna atakayesoma, kila neno la kila mwalimu linamfikia kila mtu na halifi.

Ndo maana swali la kama msikiti fulani una akustika nzuri mi huwa naona halijakamilika. Nzuri kwa sauti ipi, kwa mtu aliyekaa wapi.

Baada ya al-Hakam akaja al-Mansur ibn Abi Amir, waziri aliyeshika hatamu za utawala, akaanza kuongeza mwaka 987. Mji umejaa, watu hawatoshi msikitini. Kusini hakuweza kwenda, ardhi inateremka kwenye mto Guadalquivir, magharibi kuna kasri. Akaongeza mashariki, njia 8, jumla zikawa 19 na upana ukafika karibu mita 128. Mihrab haikuhamishwa. Kwa hiyo mihrab ambayo siku zote ilikuwa katikati ya ukuta wa kibla ikajikuta imeachwa upande wa magharibi.

Kwa nafasi ya watu alitatua tatizo. Kwa sauti mi naona hapa ndipo ilipokatika. Waliomtangulia walirefusha lakini watu wote walibaki nyuma ya imamu moja kwa moja, kwenye njia zinazoelekea kibla, na zile njia zenyewe zinaiongoza sauti, ukikaa kwenye njia ya kati unaona mihrab moja kwa moja hakuna nguzo katikati. Mtu wa upanuzi wa al-Mansur anasikiliza kwa mshazari, anakatiza kila safu ya nguzo, na juu ya hapo ule ukuta wa nje wa zamani wa mashariki haukuondolewa wote, ulitobolewa matao makubwa na vipande vyake vikabaki. Kutoka mihrab hadi pembe ya mbali kabisa ya kaskazini mashariki ni zaidi ya mita 130, sauti inachukua kama sekunde 0.4 kufika, kama kuna kinachofika. Sehemu ile ilikuwa msikiti wa pili uliounganishwa na wa kwanza kwa paa na kwa mubaligh. Na ukipima muda wa mwangwi ndani yake utapata namba nzuri tu, dari ileile, nguzo zilezile, mikeka ileile.

Mwaka 1236 mji ulichukuliwa na Ferdinand III, mfalme Mkristo wa Castile, msikiti ukawa kanisa kuu. Kwa karibu miaka mia tatu ukumbi ulibaki kwa kiasi kikubwa ulivyo, wakaongeza makanisa madogo kwenye kuta na matao ya uani yakafungwa mengi, na huko kufungwa peke yake tayari kulizuia mlango mkubwa wa kutokea sauti. Alafu 1523 askofu Alonso Manrique akaanzisha ujenzi wa kanisa jipya katikati ya nguzo. Baraza la mji lilipinga kwa nguvu mpaka likatangaza adhabu ya kifo kwa fundi atakayethubutu kufanya kazi pale, shauri likapelekwa kwa mfalme Charles V naye akaruhusu. Fundi mkuu Hernán Ruiz akaanza, mwanae akaendeleza, likaja kukamilika 1607.

Kumbuka tulichosema juu ya dari. Mwangwi wa ukumbi ule ulitegemea urefu wa dari na sakafu. Sasa katikati umeweka jengo linalopaa mara kadhaa juu ya ile dari, la mawe na lipu, na pembeni limefunguka kwenye ukumbi wa chini. Kanisa linahitaji mwangwi, kwaya na kinanda vinaishi humo, kwa kazi hiyo siwalaumu. Ila vyumba viwili vya sauti vikishaunganishwa hivyo kila kimoja kinamwagia mwenzake. Ukipiga kofi kwenye nguzo karibu na kanisa, sauti inaanza kufa haraka kama ukumbi wa chini unavyotaka, alafu katikati ya kufa inabadilika inaanza kufifia polepole, ni ile iliyopanda kwenye lile jengo refu ndo inarudi. Karne ya 18 wakaondoa na dari za mbao wakaweka dari za lipu zilizopinda, kipindi cha msanifu Ricardo Velázquez Bosco kuanzia 1891 zikaanza kurudishwa za mbao baadhi ya sehemu. Mbao bapa humeza sauti nene, lipu huirudisha, kwa iyo hata hilo badiliko la dari lilipita na sauti yake.

Maana yake ni kwamba anayetaka kujua msikiti ulisikika vipi hawezi kwenda akasimama pale akasikiliza. Kilichopo ni kitu kingine. Njia iliyotumika ni ile ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sevilla, kina Rafael Suárez, Alicia Alonso na Juan José Sendra. Unapima jengo lilivyo leo, unalijenga kwenye kompyuta, unarekebisha modeli mpaka inatoa vipimo sawa na vya jengo halisi, na hapo ndo unaanza kuondoa, kanisa la katikati litoke, makanisa ya pembeni yatoke, marumaru itoke mikeka irudi, matao ya uani yafunguliwe, ukuta wa kibla urudi ulipokuwa zama za Abd al-Rahman I. Wao walifanya hivyo kwa hatua zote nne za msikiti. Ni kazi ninayoiheshimu sana, bila modeli kama hizo zile hatua za mwanzo zimeshazikwa chini ya hizi za baadae.

Modeli ina mipaka yake, mikeka ya karne ya 8 ilimeza kiasi gani, watu walisogeleana vipi, hivyo unakadiria. Ila kuna msaada mmoja ambao mi naona unatumika kidogo kuliko unavyostahili, nao ni msikiti mkuu wa Kairouan, Tunisia. Ulijengwa upya na Waaghlabi, watawala wa eneo hilo wakati ule, mwaka 836, una njia 17, nguzo zake nyingi pia zilitolewa kwenye majengo ya kale, ukumbi unafunguka uani, una kuba mbele ya mihrab, na vipimo vyake ni upana wa kama mita 70 kwa kina cha kama mita 37. Yaani karibu sawasawa na ukumbi wa Abd al-Rahman I kabla haujaongezwa, tena Wamaliki vilevile, na mpaka leo watu wanaswali humo. Sio nakala ya Córdoba, dari, matao na lile kuba vinatofautiana, lakini ukitaka kujua ukumbi wa saizi ile ukiwa na watu ndani unamfikisha imamu mpaka wapi, hapo ndo pa kupimia. Spika zizimwe, milango ya uani ifunguliwe, watu wakae kwenye safu zao, na vipimo vichukuliwe safu kwa safu toka mbele hadi ya mwisho, kwenye njia ya kati na kwa mshazari, uwazi wa maneno uwe kipimo cha kwanza na muda wa mwangwi ufuate nyuma yake.